Umbali wa Kihisi kwenye Darubini ya Picha: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kalipa Hadi Nyota za Konani

Picha ya anga huhukumiwa konani. Katikati ya uga, karibu kila darubini nzuri hutoa nyota za duara. Kazi iko pembeni, pale nyota zinapoanza kurefuka, kuota mikia, au kuonekana kana kwamba zote zinakimbilia nje ya picha. Wengi wakiona hivyo hulaumu lenzi, au husema kitako kinachobeba darubini hakifuatilii anga sawasawa, na wapo wanaouza darubini isiyo na kosa lolote. Mara nyingi tatizo ni milimita moja au mbili za nafasi kati ya kirekebishi na kihisi cha kamera. Kasoro hiyo huondolewa kwa pete nyembamba, ilimradi ujue unapima nini na unaanza kupima kutoka wapi.

Hapa ninaposema kirekebishi namaanisha lenzi yoyote inayokaa kati ya darubini na kamera ili kusahihisha picha: ya kunyoosha uga, ya kupunguza urefu wa fokasi huku ikinyoosha uga (kipunguzi), au ya kuondoa koma, kasoro inayozipa nyota za pembeni mkia, kwenye darubini ya Newton, ile ya vioo. Zote zina sharti moja. Kihisi lazima kikae umbali maalumu nyuma yake. Huo ndio nitakaouita umbali wa nyuma.

Kwanza tutenganishe mambo mawili

Kuna umbali wa aina mbili ambao watu huuchanganya, na mkanganyiko huo ndio unaozaa maswali mengi ya wanaoanza. Wa kwanza ni ule kati ya darubini na mahali taswira inapoangukia. Huo unaurekebisha kila usiku kwa kuzungusha fokasa, yaani sehemu inayoingia na kutoka ili taswira iwe kali. Wa pili ni ule kati ya kirekebishi na kihisi. Huo fokasa haiugusi kabisa, kwa sababu fokasa inapoingia au kutoka, kirekebishi na kamera husogea pamoja, vikiwa vimefungwa kwa pete zilezile.

Tafadhali usiipite aya hiyo haraka. Ukiwa na umbali wa nyuma usio sahihi, unaweza kufokasi usiku kucha, nyota za katikati zikawa kali kama sindano, na kona zikabaki vibaya vilevile. Hakuna kiasi cha kufokasi kinachotibu kosa la nafasi. Utatoa katikati ili uokoe kona, au utoe kona ili uokoe katikati.

Sababu yake iko kwenye umbo la taswira. Darubini ya lenzi mbili haitengenezi taswira bapa. Huitengeneza ikiwa imepinda kama sehemu ya ndani ya bakuli, na mpindo huo una nusu kipenyo cha takriban theluthi moja ya urefu wa fokasi. Chukua darubini ya urefu wa fokasi wa mm 500. Nusu kipenyo cha mpindo ni karibu mm 170. Kona ya kihisi cha APS-C, ukubwa mmoja wa kawaida wa kihisi, iko mm 14 kutoka katikati, kwa hiyo pale konani taswira imeachana na kihisi bapa kwa karibu mm 0.6. Kama darubini hiyo ni ya f/5, yaani urefu wa fokasi ni mara tano ya kipenyo cha lenzi yake, eneo ambalo nyota hubaki ndani ya fokasi lina unene wa karibu mm 0.07 tu. Kona iko nje mara nane au zaidi. Kirekebishi kipo ili kuunyoosha mpindo huo, na mtengenezaji alikichonga akijua kihisi kitakaa mahali pamoja. Ukikisogeza, mpindo unaachwa na mabaki upande mmoja au unanyooshwa kupita kiasi, na astigmatizimu, kasoro inayorefusha nyota, inaingia juu yake.

Kama darubini yako ni ya aina ya Petzval, yenye lenzi za kunyoosha uga zilizojengwa ndani ya mrija, una bahati: hesabu nyingi zinazofuata hazikuhusu. Kinachotakiwa ni kamera kufika kwenye fokasi. Ruka hadi sehemu ya mwinamo, yaani kihisi kukaa kimeinama.

Hatua ya 1: Pata namba, na ujue inaanzia wapi

Soma maelezo ya kirekebishi chako. Namba utakayokutana nayo mara nyingi ni mm 55. Asili yake ni kiwango cha zamani cha T2, chenye hesi ya M42×0.75 (kipenyo cha mm 42, mm 0.75 kwa kila mzunguko), ambacho kilipanga uso wa pete ukae mm 55 mbele ya filamu. Ndiyo maana kamera za kioo (DSLR) huingia humo bila shida. Canon EF ina mm 44 kutoka uso wa maunganisho hadi kwenye kihisi, na pete yake ya T huongeza mm 11. Nikon F ina mm 46.5, na pete yake huongeza mm 8.5. Zote zinafika 55. Kamera zisizo na kioo ni fupi zaidi: Sony E ni mm 18, Canon RF mm 20, Nikon Z mm 16, kwa hiyo pete yake lazima iwe ndefu zaidi ili kuziba pengo. Ukikutana na hesi ya M42×1 usiilazimishe kwenye M42×0.75. Zinafanana kwa macho, zinashika mzunguko mmoja au miwili, kisha zinaharibiana.

Si kila kitu ni 55. Kipunguzi cha f/6.3 cha Celestron kwa darubini za Schmidt-Cassegrain hutaka mm 105. Darubini yao ya EdgeHD ya inchi 8 hutaka mm 133.35, na EdgeHD za inchi 9.25, 11 na 14 hutaka mm 146.05. Baadhi ya virekebishi vya darubini za lenzi havina namba moja. Mtengenezaji hutoa jedwali ambamo umbali hubadilika kulingana na urefu wa fokasi wa darubini unayokifunga. Usikisie. Tafuta jedwali la kirekebishi hichohicho.

Namba ikishapatikana, swali kubwa ni mahali inapoanzia. Kwa kawaida huanzia kwenye bega la hesi ya nyuma, yaani ule uso bapa wa chuma unaozunguka hesi na ambao pete inayofuata huukalia ikishakazwa. Haianzii kwenye kioo cha lenzi, wala kwenye ncha ya hesi. Hesi yenyewe hutokeza kama mm 3 au 4 na kuzama ndani ya pete inayofuata, kwa hiyo haihesabiwi. Anayeanzia kupima kwenye ncha ya hesi amejitia kosa la milimita kadhaa kabla hajawasha kamera. Kuna watengenezaji wachache wanaoanzia kwenye kioo cha mwisho, lakini hao huchora mchoro na kusema wazi. Mchoro ukiwepo, ufuate huo kuliko desturi yoyote.

Pia angalia kama kirekebishi chako kina pete ya kugeuza hesi iliyofungwa tayari kiwandani, kwa mfano kutoka M54 kwenda M48. Namba inaweza kuwa imehesabiwa ikiwa na pete hiyo au ikiwa haina, na tofauti yake si ndogo.

Hatua ya 2: Pima kila kipande kwa kalipa

Kwenye vipimo vilivyochapishwa, gurudumu la filta la "mm 20" linaweza kuwa 20.2, na pete ya "mm 16.5" ikawa 16.4. Kosa moja kama hilo halina neno. Makosa manne yakielekea upande mmoja yanakula nusu milimita. Kwa hiyo chukua kalipa, kile kipimio cha taya mbili, ikiwezekana ya kidijitali, uifute taya zake, hakikisha inasoma sifuri ikifungwa, kisha pima.

Pima unene wa kioptiki, yaani kutoka uso mmoja wa kukalia hadi uso wa pili wa kukalia. Hesi ya kiume isiingie kwenye kipimo. Kwa pete ndogo ni rahisi: pima urefu wote, pima urefu wa hesi peke yake kwa mkia wa kalipa, toa. Njia iliyo bora zaidi ni kuzifunga pete mbili au tatu pamoja, uzikaze, kisha upime mkusanyiko. Hapo utagundua jambo ambalo namba za karatasi haziwezi kukuambia: wakati mwingine hesi ya pete moja ni ndefu kuliko shimo la mwenzake, nayo hugota ndani kabla mabega hayajagusana. Ukiangalia pembeni utaona ufa mwembamba wa mwanga. Ufa huo ni umbali ambao hukuuhesabu, na ni mwaliko wa mwinamo, kwa sababu pete mbili zisizokaliana bega kwa bega hazina kinachozilazimisha ziwe sambamba.

Kina cha kihisi ndani ya kamera huwezi kukipima bila kuifungua, na usiifungue. Tumia namba ya mtengenezaji. Kamera nyingi za anga zenye kupozwa huwa na mm 17.5, au mm 12.5 bamba la kurekebisha mwinamo likiondolewa, na nyingine mm 6.5. Tena soma mchoro, kwa kuwa modeli ileile inaweza kuwa na namba mbili kutegemea kilichofungwa mbele. Kwenye kamera za kawaida za picha, tafuta alama ya duara lililokatwa na mstari juu ya mwili wa kamera. Mstari huo unaonyesha kihisi kilipo.

Sasa jumlisha. Tuseme kirekebishi kinataka mm 55, kamera ina mm 17.5, gurudumu la filta mm 20, na gaida ya pembeni, ile yenye prizimu ndogo inayochota mwanga kwa ajili ya kamera ya kuongozea, ina mm 16.5. Jumla ni mm 54. Inaonekana imebaki mm 1. Haijabaki mm 1, na hatua inayofuata inaeleza kwa nini.

Mpangilio wa vipande hivyo si holela. Gaida ya pembeni hukaa upande wa kirekebishi, mbele ya gurudumu la filta, ili kamera ya kuongozea ipate mwanga usiokatwa na filta nyembamba. Na ikiwa kihisi chako ni kikubwa, angalia kipenyo cha ndani cha pete. Fremu kamili ina ulalo wa mm 43.3, wakati M42 nzima ni mm 42 kwa nje, kwa hiyo kona zitatiwa kivuli. Hapo M48 au M54 ndiyo njia. APS-C, yenye ulalo wa karibu mm 28, hukaa vizuri ndani ya M42 kwenye darubini nyingi.

Hatua ya 3: Hesabu kioo cha filta

Mwanga unaotoka kwenye kirekebishi ni koni inayokwenda ikijibana. Ukipita kwenye kioo bapa, miale hupinda kidogo na ncha ya koni husogea nyuma. Kiasi cha kusogea ni unene wa kioo × (1 − 1/kipeo cha kupinda). Kwa kioo cha kawaida chenye kipeo cha karibu 1.5, hiyo ni theluthi moja ya unene. Filta ya mm 2 husogeza taswira mm 0.67. Filta ya mm 3 husogeza mm 1. Filta ya mm 1 husogeza mm 0.33.

Theluthi hiyo HUONGEZWA kwenye umbali unaotakiwa. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu wengi huitoa, na wakiitoa wanajikuta wamekosea mara mbili ya kiasi kilekile. Kwenye mfano wetu, tukiwa na filta za mm 2, lengo halisi la chuma ni mm 55.67. Tuna mm 54. Pengo ni mm 1.67, yaani pete ya mm 1, washa (pete nyembamba sana) ya mm 0.5 na washa ya mm 0.2, jumla mm 1.7. Tofauti ya mm 0.03 haikusumbui kamwe.

Kioo kinachohesabiwa ni kile kilicho kati ya kirekebishi na kihisi tu. Filta iliyofungwa mbele ya kirekebishi, upande wa darubini, itabadilisha mahali fokasa inaposimama, lakini haigusi umbali wa nyuma. Vilevile kamera yenyewe ina kioo cha kinga mbele ya kihisi. Baadhi ya watengenezaji wamekwisha kukihesabu kwenye kina wanachotangaza na wengine hawakukihesabu. Mahali ambapo maelezo hayasemi, anza bila kukihesabu na uache nyota zitoe uamuzi kwenye hatua ya 6.

Kama una seti ya filta za rangi na za mikanda myembamba, nunua zenye unene mmoja. Filta zenye unene tofauti hutaka umbali wa nyuma tofauti, na hakuna anayebadilisha washa katikati ya usiku kila anapobadilisha filta.

Hatua ya 4: Funga mnyororo

Safisha mabega na hesi kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Chembe ya mchanga chini ya bega inatosha kuinamisha kamera. Funga kwa mkono, bila nguvu nyingi. Hesi za alumini zikikazwa sana kisha zikapata baridi huwa hazifunguki. Ukihitaji kufungua zilizong'ang'ania, tumia mikanda ya mpira miwili, mmoja kila upande. Usitumie koleo.

Washa nyembamba, za plastiki ngumu au chuma, huwekwa kwenye bega kati ya pete mbili. Zinapatikana kwa unene kama mm 0.1, 0.2, 0.3, 0.5 na 1. Usirundike nyingi mahali pamoja: kila unene unaoongeza unapunguza mizunguko ya hesi inayoshikana, na kifungo kikiwa dhaifu kamera huanza kulegea kwa uzito wake. Pengo likipita kama milimita moja na nusu, tafuta pete ngumu ya urefu huo na ubakize washa kwa marekebisho madogo tu.

Ipo pia adapta inayorefuka kwa kuzungushwa, yenye pete ya kufungia. Naipenda sana wakati wa majaribio kwa sababu unabadilisha umbali bila kufungua kitu. Kwa matumizi ya kudumu napendelea pete zisizobadilika. Kila kinachoweza kusogea kina siku yake ya kusogea.

Epuka vifungo vya skrubu za pembeni, vile vya inchi 1.25 na inchi 2, kati ya kirekebishi na kamera. Huvuta kamera upande mmoja, na umbali hubadilika kila unapoichomoa na kuirudisha. Hesi kwa hesi ndiyo kanuni katika sehemu hii ya mnyororo.

Hatua ya 5: Piga picha za majaribio

Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi nzuri waliyofanya kwa kalipa, kwa kupiga picha zisizoweza kuhukumu chochote. Unahitaji picha ambamo kasoro ya nafasi inaonekana peke yake.

Acha darubini ipoe hadi ifikie joto la hewa. Elekeza karibu na utosi wa anga, mahali penye nyota nyingi za wastani, kwa mfano kwenye ukanda wa Njia Nyeupe. Chini karibu na upeo wa macho hewa hutawanya rangi na kurefusha nyota, ukadhani ni kirekebishi. Chagua uga usio na nyota moja inayong'aa kupita kiasi.

Piga picha fupi, sekunde 5 hadi 20. Ukipiga za dakika tano, makosa ya kufuatilia anga yatachanganyika na makosa ya optiki. Piga angalau tano ili usihukumu kwa mtikisiko wa upepo mmoja. Tumia filta moja, na ikiwezekana ya kijani au ya mwanga wote, kisha ubaki nayo hadi mwisho.

Fokasi upya kila unapobadilisha umbali. Usiruke hili. Ukiongeza washa bila kufokasi, unalinganisha picha iliyo kwenye fokasi na isiyo kwenye fokasi, na utafikia uamuzi usio na maana. Fokasi kwa nyota za katikati, kila mara kwa njia ileile.

Darubini za Newton na Schmidt-Cassegrain zinahitaji jambo moja zaidi kabla ya yote haya: vioo viwe vimelinganishwa. Koma itokanayo na vioo vilivyopishana hufanana mno na kirekebishi kilichokaa vibaya, na washa haitaiondoa.

Hatua ya 6: Soma kona

Kata vipande tisa vya picha, kona nne, kati ya kila ukingo, na katikati, uviweke pamoja kwenye ukurasa mmoja. Programu za Siril na PixInsight hufanya hivyo zenyewe kwa kikaguzi cha kasoro. ASTAP hupima ukubwa wa nyota kila pembe na kuchora mwinamo. Kwa wanaotumia N.I.N.A., programu ya kuendesha upigaji picha, kiongezeo cha Hocus Focus hulinganisha mahali pa fokasi katikati na konani. Lakini jicho lako ndilo liwe la kwanza, kabla ya namba.

Uliza swali moja: je, kona zote nne zina kasoro ileile, kwa ulinganifu kuizunguka katikati?

Kama nyota za picha nzima, pamoja na za katikati, zimerefuka kuelekea upande mmoja, hilo ni tatizo la kufuatilia, upepo, au kitako kutolinganishwa na ncha ya anga. Achana na washa. Kama kona moja au upande mmoja ni mbaya na upande wa pili ni mzuri, huo ni mwinamo, nitaufikia. Kama kona zote nne zinafanana, sasa ndipo tunazungumza juu ya umbali.

Kwa virekebishi vingi vya darubini za lenzi, kanuni ni hii. Nyota za konani zikirefuka kufuata miali ya gurudumu, yaani kila moja ikielekeza ncha yake katikati ya picha, kihisi kiko karibu mno: ongeza nafasi. Zikirefuka kufuata ukingo wa gurudumu, zikionekana kuzunguka katikati, kihisi kiko mbali mno: punguza. Hiyo ni kanuni ya kuanzia, na haishiki kwa kila muundo wa lenzi. Kuna virekebishi, hasa vya koma, ambavyo hufanya kinyume au huonyesha umbo jingine kabisa. Kwa hiyo itumie kuchagua upande wa kujaribu kwanza, kisha uache jaribio lithibitishe.

Kuwa mwangalifu na fokasi pia. Nyota iliyotoka kidogo kwenye fokasi hugeuza mwelekeo wake wa kurefuka ikiwa kuna astigmatizimu: ndani ya fokasi hurefuka upande mmoja, nje ya fokasi upande wa pili. Mtu aliyefokasi vibaya anaweza kusoma ishara iliyo kinyume kabisa. Ukiwa na shaka, piga picha tatu, moja kwenye fokasi na mbili kandokando yake, uzilinganishe.

Hatua ya 7: Rekebisha kwa mpangilio

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Anza na hatua kubwa, mm 1, kuelekea upande uliouchagua. Fokasi, piga, kata kona, andika. Kona zikiwa bora, endelea upande huohuo kwa mm 0.5. Zikiwa mbaya zaidi, rudi na uende upande wa pili. Ukishapata umbali ambao pande zake zote mbili ni mbaya kuliko wenyewe, umeuzingira. Malizia kwa mm 0.2 au 0.3.

Andika kwenye daftari: umbali wa chuma, joto, filta, nafasi ya fokasa, na namba za kona. Kipimo cha kurefuka kwa nyota ambacho programu hutoa, ambapo 0 ni duara kamili na 1 ni mstari, hukusaidia kulinganisha picha mbili zilizo karibu. Jicho kwa kawaida halioni kurefuka kwa chini ya 0.4 hivi, kwa kuwa hapo upana mfupi wa nyota bado ni zaidi ya asilimia 90 ya ule mrefu. Kwenye 0.6 umeshuka hadi asilimia 80, na kila mtu ataona.

Mnaotumia kipunguzi mna njia nyingine nzuri ya kuthibitisha, ambayo haitegemei umbo la nyota. Kipunguzi hubana zaidi kihisi kinapokaa mbali zaidi. Chukua kipunguzi chenye urefu wake wa fokasi wa mm 350, kihisi kikiwa mm 70 nyuma ya lenzi yake: picha hupunguzwa mara 0.8, na darubini ya mm 500 inakuwa ya mm 400. Ongeza mm 1 ya nafasi na urefu unashuka hadi karibu mm 398.6. Programu inayotambua uga kwa kulinganisha nyota na ramani ya anga hukupa kipimo cha sekunde za tao kwa pikseli kwa usahihi wa kutosha kuona badiliko hilo. Urefu wa fokasi ni 206.265 mara ukubwa wa pikseli kwa mikromita, gawanya kwa kipimo hicho. Lakini usiitumie namba hiyo kuamua kama umefika umbali sahihi, maana urefu wa fokasi ulioandikwa kwenye darubini si lazima uwe halisi kabisa. Itumie kulinganisha jaribio na jaribio: ikiwa umeweka washa ya mm 1 na urefu haukubadilika, washa haikukaa, au hesi inagota.

Ni wapi pa kuacha? Darubini ya f/7 yenye kihisi kidogo mara nyingi husamehe milimita nzima bila mtu kugundua. Ya f/4 au chini yake yenye fremu kamili huadhibu hata sehemu chache za kumi za milimita. Ukifika mahali ambapo kona nne ni sawa kati yao na hazibadiliki kwa washa ya mm 0.2, kilichobaki ni cha lenzi yenyewe. Funga, upige picha za anga. Wapo walioutumia msimu mzima wa anga safi kuwinda kona ambayo haionekani kwenye picha iliyochapishwa.

Mwinamo: usiutibu kwa washa za umbali

Mwinamo na umbali vikiwa pamoja hudanganya. Kona moja itaonyesha "karibu mno" na ya mkabala wake "mbali mno", kwa sababu kweli moja iko karibu na nyingine iko mbali. Panga umbali kwanza kwa wastani wa kona zote, kisha shughulikia mwinamo.

Kujua chanzo chake, zungusha kamera nyuzi 90 bila kugusa kitu kingine, upige tena. Kasoro ikibaki kwenye kona ileile ya picha, imezunguka pamoja na kamera, kwa hiyo chanzo ni kihisi au kipande kilichozunguka nacho. Ikihamia kona nyingine ya picha, imebaki na darubini: fokasa inayolegea, kirekebishi kisichokaa sawa, au vioo visivyolinganishwa. Kisha elekeza darubini pande tofauti za anga. Kasoro inayobadilika kwa mwelekeo wa darubini ni kulegea kwa uzito, na dawa yake ni kukaza fokasa au kupunguza mzigo. Skrubu za bamba la mwinamo hazitaisaidia.

Mwinamo wa kihisi wenyewe husahihishwa kwa bamba lenye skrubu za kusukuma na kuvuta. Geuza kidogo sana, robo ya mzunguko au chini, skrubu moja kwa wakati, na ukumbuke kuwa kuinua upande mmoja hubadilisha pia umbali wa wastani. Ukishamaliza mwinamo, rudia jaribio la kona mara moja zaidi kuona kama washa ya mm 0.1 au 0.2 inahitaji kutoka au kuongezwa.

Mnyororo ukikubali, usiufungue. Weka alama ndogo ya rangi kwenye kila muungano, kutoka pete hadi pete, ili ukilegea uone alama zimepishana, na hifadhi kamera na kirekebishi vikiwa vimeshikana kama kipande kimoja. Siku utakapobadilisha filta kuwa za unene mwingine, au kuondoa gaida ya pembeni, hesabu ya hatua ya 2 na ya 3 inaanza upya.